Transfoma ya Stesheni Masta

Jumatatu, 4 Machi
Imekufa! Treni ya kuchezea ya mume wangu imegoma katikati ya meza, na sikutoa hata chozi. Meza yenyewe imejaza chumba cha nyuma, ukuta hadi ukuta. Namwita Stesheni Masta — mtu aliyeuza mabati maisha yake yote! Anasema ni transfoma. Ameifungua kwa bisibisi, akainusa kama maziwa ya jana. Waya mmoja umekatika ndani.

Jumanne, 5 Machi
Daktari kasema mama yangu yuko karibu kuruhusiwa hospitalini. Nyonga imeunga, ila hawezi tena kuishi peke yake. Kwa kaka kuna nafasi — stoo! Na wifi yangu, ambaye mama akikohoa tu, yeye hufunga mlango. Nikamwambia mume wangu atoe meza. Haitoki, akasema. Tukabishana mpaka jirani akazima redio asikilize vizuri. Mwisho akajitapa: treni isipotembea kufikia Jumamosi, meza nje, mama aje akae. Ikitembea, mama aende kwa kaka, na mimi nifunge mdomo. Tukapeana mikono kama madalali.

Jumatano, 6 Machi
Ameulehemu waya! Mita inasoma volti kumi na sita, naye anapiga mluzi. Akaenda kuoga kwanza — eti safari ya kwanza haiendeshwi na mchafu. Maji yalipoanza kumwagika nikachomoa pini kwenye sketi, nikailaza ndani ya handaki la treni pale mezani. Kichwa reli hii, ncha reli ile. Shoti! Nilifundishwa shuleni, kumbe elimu haiozi.

Akarudi ananukia sabuni. Akawasha. Tak! Transfoma ikajizima. Akawasha tena. Tak! Uso wake! Nilibana kicheko mpaka mbavu zikauma.

Alhamisi, 7 Machi
Akichomoa nyaya kwenye reli, transfoma nzima. Akizirudisha, tak. Amezisugua reli kwa spiriti, zote isipokuwa za handakini — mkono wake mnene haupiti. Ameifungua transfoma upya, ameungua kidole. Nikamwambia labda ni uzee tu, hata wewe siku hizi ukibebeshwa mzigo unajizima. Alikula sakafuni, sahani mapajani, anaitazama. Nilimwonea huruma. Kidogo. Kisha nikaikumbuka ile stoo.

Ijumaa, 8 Machi
Wamemtoa mama leo, bila taarifa. Kitanda kina mgonjwa mwingine. Tumembana kando ya meza mpaka kesho, kitanda juu ya matofali maana nyonga haitaki kuinama. Mume wangu ndiye aliyembeba. Mama akamshukuru na kumwombea dua. Mimi akaniuliza mbona nimenenepa.

Jumamosi, 9 Machi
Nimejifungia jikoni.

Asubuhi mama alikuwa amelala ubavu, macho sawasawa na reli. Stesheni Masta yuko magotini na bisibisi yake. Mama akasema, kwa ile sauti yake ya kuitia watoto: baba, mle pangoni mna kitu kinameta. Mama yangu! Mzazi wangu mwenyewe!

Mume wangu akaling'oa handaki zima. Akaishika pini, akaitazama sketi yangu, pale kiunoni palipolegea. Hakufoka. Afadhali angefoka! Akampa mama swichi, akamwonyesha pa kubonyeza.

Ikatembea. Mama akacheka — sijamsikia akicheka tangu aanguke. Akamshika mume wangu mkono. "Mwanangu, hapa mimi siondoki. Nitafia hapa hapa nikiendesha treni."

"Haya, mke wangu," akasema, taratibu kabisa. "Mwambie mama tulivyokubaliana."

"Mlikubaliana nini?"

Nikasema chai inachemka. Haichemki, sijawasha hata jiko. Treni inazunguka, naisikia toka hapa. Mama anauliza tena, na sasa ananiita kwa jina langu la utotoni.