Noldi Hatauona Mkono Wangu Dirishani

Mshauri Hedwig,

Nakuandikia nikiwa chumba cha kufulia cha jengo letu, kwa kuwa leo ni zamu yangu ya kufua na ni mahali pekee ninapoweza kulia bila mume wangu Noldi kusikia, maana tangu macho yaanze kumwisha masikio yake yamekuwa makali, nakuomba unisaidie, mimi nimefika mwisho.

Noldi alikuwa fundi seremala hapa Weinfelden mpaka mwaka juzi, ugonjwa wa macho ukamtoa kazini, unakula kutoka pembeni kuja katikati na sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na daktari ametuambia bila kuficha kwamba hata hicho kitundu huenda kikaziba kabla ya Pasaka. Nikamuuliza ni kitu gani anataka akione mara ya mwisho, nikidhani atasema bahari, akajibu bila hata kufikiri: "Treni ya Bernina."

Sasa ujue sisi safari hiyo ya kuvuka milima ya barafu mpaka Italia huifanyaje. Watoto wetu watatu walipokuwa wadogo tuligundua kwamba wao husafiri bure wakiwa na mzazi mmoja, kwa hiyo mzazi wa pili ni hasara tupu, na tena jioni lazima gari liwe upande wa pili wa mlima ili turudi nyumbani, basi kila kiangazi niliwashusha stesheni ya Pontresina, Noldi akapanda na watoto, mimi nikavuka mlima peke yangu na gari na kikapu cha soseji na mkate. Pale Le Prese, ambapo reli inapita katikati ya barabara utadhani treni nayo ni gari, nilikuwa nawasubiri, napiga honi, natoa mkono dirishani, nao wote wanne wananipungia, hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yangu ya safari na sikuwahi kulalamika, halafu tunakutana Tirano, kule Italia, wananisimulia wote kwa pamoja mpaka simsikii hata mmoja.

Na safari hii nimepanga vilevile, kwa sababu kipato kilichobaki ni changu tu, nauza mikate nusu siku, na ile treni yenye vioo mpaka juu inadai nauli na ada ya kiti juu yake, kwa watu wawili siwezi hata nikijinyonga. Mwanangu Reto ananiambia kwenye simu, "Mama, mbona unajitesa? Mkatie baba tiketi, wewe pita na gari kama siku zote, mtakutana kulekule Tirano." Nikaenda kumwambia Noldi kwamba nimemtafutia kiti cha dirishani. Akacheka. "Dirishani kwa kazi gani, Elsbeth? Niweke karibu na choo, nauli ni ileile."

Nami nikacheka, mshauri, nilicheka kabisa, halafu nikaona jinsi atakavyokaa mle ndani peke yake bila mtu wa kumwambia sasa barafu, sasa ziwa, sasa daraja, na nikifika Le Prese nitatoa mkono wangu dirishani. Honi ataisikia. Mkono hatauona.

Daktari alitaja kadi fulani ya wasioona, Noldi akang'aka, "Mimi bado si kipofu, kadi wapeni vipofu," na tangu siku hiyo neno hilo halitajwi nyumbani. Dada yangu anasema nimpeleke kwa gari tu, heri nusu shari, lakini Noldi hakuomba barabara. Nikimpandisha peke yake naona nimemtuma kama mzigo, nisipompandisha nimemnyima kitu cha mwisho alichoniomba, na siku zinakwenda, sioni pa kushika.

Elsbeth, Weinfelden

—

Pole, dada Elsbeth. Pole sana. Ugonjwa huo sina dawa yake, na sitakudanganya kwamba safari itaupunguza hata kidogo. Lia, ni haki yako. Ila ukishamaliza unisikilize, kwa sababu nimekukasirikia.

Hiyo treni ya vioo, nani amekulazimisha? Treni ya kawaida inapita reli ileile na daraja lilelile, haidai ada ya kiti, na madirisha yake yanafunguka. Mtu mwenye macho ya kitundu unamfungia ndani ya vioo ili iweje? Mfungulie dirisha, apigwe na upepo wa barafu usoni, asikie magurudumu yakilia kwenye kona.

Halafu gari. Sisi watu wa nchi hii tuna maradhi yetu: gari likishalipiwa kodi na bima, tunaona dhambi likipumzika. Lipumzike! Liacheni Pontresina. Mshuke kwa treni mpaka Tirano, mkae upande wa kulia, mle tambi za ngano nyeusi bila haraka, mrudi kwa treni hadi kwenye gari lenu. Wakati wa kushuka atazame anachoweza. Wakati wa kupanda, akitaka, afumbe macho aone kama bado anaijua njia. Huko gizani ndiko anakokwenda, Elsbeth, na ni afadhali mara ya kwanza awe na mtu pembeni.

Utaniuliza nauli ya pili itoke wapi. Kadi hiyo isiyotajwa nyumbani kwenu humruhusu asiyeona kusafiri na msindikizaji wake kwa tiketi moja. Tiketi moja! Umejitesa kwa hesabu, na jibu mmelikalia wenyewe kwa kiburi. Mwombe daktari cheti, kipeleke ofisi ya mkoa wiki hii hii, kwa maana macho ya mumeo hayasubiri ofisi.

Najua, Noldi hataki. Nani angeitaka kadi anayopewa kwa sababu amekwisha? Lakini hapa ndipo uliponiudhi zaidi. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali uliposema umewahi kupanda treni hiyo, sikupaona. Miaka yote umevuka mlima nyuma ya usukani, ukaitazama kwa nje ikipita na watu wako ndani, na ukajiambia huko ndiko kubana matumizi. Rahisi ghali, ndugu yangu. Unalia kwamba hutakuwepo kumsimulia, wakati hujui hata cha kusimulia. Anayejua ni yeye: handaki linaanzia wapi, watoto walipiga kelele wapi, magurudumu yanabadilisha sauti wapi kabla ya lile daraja la mviringo. Hilo ugonjwa haujalichukua.

Kwa hiyo acha kumwambia kwamba unampeleka. Anika nguo zako, panda ghorofani, keti karibu yake umwambie, "Noldi, mimi sijawahi kuipanda treni yako hata siku moja. Nataka wewe unipeleke. Lakini bila kadi yako mimi nitabaki barabarani kama siku zote." Kisha ufunge mdomo umwache ajibu. Akikasirika, akasirike. Kesho mwambie tena.

Na mkifika Le Prese, atatega sikio asikie honi, kwa mazoea tu, na barabara itakuwa kimya. Mshike mkono, umwambie ni hapo.

Hedwig