Viatu vya Filide

Shangazi Benedetta, huko utawani,

Shikamoo. Huku Mantova tu wazima, na jibini imetoka vizuri.

Bwana Ercole bado anakuja malishoni kunisomea mashairi yake. Humo ananiita Filide, nywele zangu ni dhahabu, na kondoo wangu hawaugui kamwe. Wewe unazijua nywele zangu, nyeusi tii. Baba anataka niende kuishi kwenye jumba lake, lakini mtu anayenisifu kwa nisichonacho namwogopa.

Juzi, Bwana Ercole akinisomea, kondoo mmoja alishindwa kuzaa. Nikamwambia, "Bwana, nishikie kichwa chake."

Akarudi nyuma, akiitazama damu mikononi mwangu. "Filide wangu hafanyi kazi hizi."

"Basi kamtafute, bwana. Mimi Orsola."

Aliondoka. Mwanakondoo nilimtoa peke yangu, yu hai.

Leo ameniletea viatu vya hariri, ati ananiomba radhi. Nimejaribu kuvivaa, visigino vimebaki nje. Baba akasema, "Kaza tu, mwanangu, vitatanuka."

Nimevirudisha mwenyewe hadi mlangoni kwake, miguu peku. Baba hajui bado. Tafadhali mwandikie wewe kwanza, maana wewe anakusikiliza.

Binti wa kaka yako,
Orsola