Friji ya Gari ya Kukufikisha Puge

Kanyenye,
Tabora.
9 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Consolatha,

Marahaba. Najua ulipoona mwandiko wangu tu umeshasema shikamoo kaka, basi nakuitikia kabla sijasahau. Hujambo? Shemeji Lugembe hajambo? Miguu yake imeacha kuvimba? Na sukari yako inakwendaje, unapima kama ulivyoagizwa au bado unakisia kwa kujitazama ulimi kwenye kioo? Sisi huku tu wazima, namshukuru Mungu, ila joto la mwaka huu linatutoa roho. Wifi yako Julieth anakusalimu sana na anasema umemsahau.

Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu ukisikia tu neno Puge, kijijini kwa mama, mtandao wa Ujiji huanza kukatakata. Karatasi haikatiki. Hii utaisoma mpaka mwisho, na macho yakikusumbua Eliya mwanao akusomee, tena kwa sauti.

Habari niliyokuja nayo ni ya friji. Usicheke. Nimenunua friji ndogo ya kwenye gari, ya kubebea insulini yako, ili nije kukuchukua ukamwone mama.

Kila mwaka nikikuomba, jibu lako ni lile lile: dawa yangu hulala baridini, na kwa mama hakuna umeme. Sikulaumu. Nakumbuka ulivyojaribu kuja kwa treni, dawa umeitia kwenye chupa ya chai pamoja na mabonge ya barafu. Ikaganda, ikaharibika bila wewe kujua, ukajichoma hivyo hivyo, na Urambo ukateremshwa umebebwa. Tangu siku ile unaogopa, na nani asingeogopa? Lakini Konso, mama hawezi kungoja hofu yetu iishe.

Sasa nikueleze nilivyoichagua, maana nakujua, usipoelezwa huamini.

Nilianzia kwa Shomari, mwenye duka la vifaa vya magari hapa mtaani. Akanitolea moja inayong'aa, ina magurudumu na mahali pa kusimamishia soda. Akajisifu kwamba haina kelele kwa sababu haina mashine ya kugandisha. Nikamuuliza, "Sasa inapoza kwa dua?" Akacheka, lakini mimi sikuwa nacheka. Nikamwambia aiwashe palepale juani, na chupa ya maji ndani, nikavuta kigoda tukapiga soga. Jua lilipopinda maji yalikuwa na afadhali kidogo tu kuliko hewa. Kumbe aina ile hupunguza joto la nje basi, haina baridi yake yenyewe. Kwa mtu wa soda inatosha. Kwa dawa ya mdogo wangu haitoshi, na nilimwambia hivyo mbele ya wateja wake.

Nikachukua yenye kompresa, kama friji ya nyumbani. Hii inashika baridi uliyoiagiza hata nje kukiwaka, na namba unaziona bila kuifungua. Nesi wa kliniki alinikazia kwamba insulini isishuke chini ya nyuzi mbili wala kuzidi nane, na akanionya mara mbilimbili kuhusu kuganda. Nimeiweka kwenye tano. Mfuniko wake unafungukia juu, kwa sababu mlango wa ubavuni ukifunguliwa baridi yote inamwagika miguuni pako. Na inakaa sawasawa nyuma ya kiti cha pikapu, hairuki njia ikiwa mbaya.

Julieth alitaka kubwa, eti turudi na migebuka mibichi kutoka huko kwenu. Nikamuuliza, "Dawa ya wifi yako ilale kitanda kimoja na samaki?" Alininunia mpaka jioni. Wewe ukija nayo, ije imekaushwa kama zamani.

Nilipokuwa naifunga friji kamba nilicheka peke yangu. Unalikumbuka lori la baba? Ule mfuko wa turubai aliokuwa akiujaza maji na kuuning'iniza mbele, karibu na taa? Upepo wa safari ndiyo ilikuwa friji yetu. Tukifika Urambo maji yanauma meno, na wewe unalia unywe wa kwanza, na baba anakupa wewe, kila mara wewe. Mimi mkubwa naambiwa ngoja. Bado sijaridhika, nakwambia leo.

Na mtungi wa mama, ule uliozama nusu mchangani kwenye kona ya nyumba, penye giza! Nimekunywa maji ya kila namna maishani, ya chupa na ya hotelini, sijapata tena yenye ladha ile ya udongo. Siku nyingine nikiendesha peke yangu barabara ya Urambo nalitamani lile lori, na baba akiimba vibaya, mpaka machozi yananitoka, mzee mzima. Babu zetu walipita hiyo njia kwa miguu, Unyanyembe mpaka Ujiji, pembe za ndovu begani na kibuyu kiunoni. Wewe utakaa kiti cha mbele halafu unasema ni mbali! Nakutania, mdogo wangu. Ila kidogo tu.

Kuna jambo moja sijui kama unalikumbuka, maana siku ile ulikuwa bibi harusi na akili yako ilikuwa kwingine. Ulipokuwa unaondoka kwenda kuolewa Ujiji, mama alikufungia kibuyu cha maziwa ya mgando kwa kitambaa kilicholowa. Akasimama kando ya lori anakimwagia maji kidogo kidogo, baba amekwisha washa injini, yeye bado anamwagia. Alitaka yafike baridi. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo.

Turudi kwenye friji. Sikutaka kukuletea kitu nisichokijaribu, kwa hiyo nilitia chupa ya maji na kipimajoto, nikaenda Puge. Njia nzima namba haikutikisika. Nikajiona bingwa. Kufika kijijini, wazee wamekaa, na unajua salamu zetu. Mwangaluka, kisha za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua ya mwaka jana, za waliotangulia mbele ya haki. Unamkatizaje mzee wa watu, umwambie subiri kwanza nina friji? Nikazima gari, nikasalimu kama mtu aliyelelewa. Niliporudi garini, friji ilikuwa imejizima yenyewe ili isiimalize betri, maana betri yangu nayo ni mzee mwenzangu, na yale maji yalikuwa vuguvugu.

Roho iliniuma, Konso. Niliegemea mlango nikawaza kwamba ingekuwa ndiyo dawa yako, adabu yangu ingekuua.

Basi fundi amenifungia betri ya pili, ya friji peke yake. Tukiwa njiani inachajiwa na gari, tukiwa nyumbani inachajiwa na paneli ndogo ya sola niliyoiweka juu ya paa la mama. Sasa wazee wasalimiane mpaka kuku waingie bandani. Nimeiacha Puge na betri yake makusudi ikiwa inawaka, na kila niendapo naikuta kwenye tano. Kwa hiyo hutakuja kulala usiku mmoja ukakimbia. Utakaa mpaka mvua zianze.

Sasa ya mama. Hajambo kwa mwili, anakula, anatembea mpaka zizini. Kichwa ndicho kinamponyoka. Mimi ananiita Masolwa, jina la baba, na ananigombeza kwa makosa ya baba. Julieth akienda anakaribishwa upya kama mgeni. Lakini jina lako wewe bado hajalikosea hata mara moja. Siku nilipoiingiza friji ndani aliniuliza, "Kisanduku hicho cha nini?" Nikamwambia, "Cha dawa ya Konso, mayu. Anakuja." Akafungua, akatia mkono, akausikia ubaridi, akafunika polepole.

Nilipokwenda tena nikainua mfuniko kuangalia kipimajoto. Ndani kulikuwa na kikombe cha bati, kimefunikwa kitambaa kilicholowa. Maziwa ya mgando. Mhoja, mjukuu anayekaa naye, akaniambia kwamba bibi anayabadilisha kila asubuhi, ya jana anampa paka. Mhoja alipotaka kukitoa alifokewa, "Acha! Ya Konso hayo. Yuko njiani."

Nilitoka nje nikajifanya naangalia tairi.

Mwisho wa mwezi huu naipitia friji Puge, kisha nakuja Ujiji. Sikuombi ruhusa, nakutaarifu. Ukikataa kupanda sitakupakia kwa nguvu, nitageuza gari. Lakini ujue nitarudi kwake na kiti kitupu, na mimi ndiye nitakayekitoa kile kikombe.

Msalimie Shemeji Lugembe, mwambie asitafute visingizio kwa niaba yako. Msalimie Eliya, na kama ndiye anayesoma, mwanangu, mfungashie mama yako. Julieth na Mhoja wanawasalimu wote. Mungu aliyewafikisha babu zetu huko kwa miguu akufikishe huku umeketi.

Nesi nimemuuliza, maziwa hayo hukatazwi. Yapo kwenye tano. Njoo uyanywe angali anajua ni ya nani.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na kukusumbua,

Xavery