Kitako cha Bunduki ya Baba Yake Bi Mwajabu

Nassibu, pokea simu basi! Haya, nakuachia ujumbe wa sauti: nimeharibu, mwanangu.

Kile kitako cha bunduki ya enzi za Mwingereza, cha baba yake Bi Mwajabu. Aliniambia "kisafishe." Nikapiga msasa mpaka weusi wote ukatoka. Mbao ikaonyesha mawimbi mekundu, nikajiona fundi wa mafundi.

Kaja sasa hivi hapa karakana, Temeke. Hajasifia. Anapapasa tu kwa vidole, anarudia, anarudia.

"Alama ziko wapi?"

Nikamuuliza, alama gani, mama?

"Tano. Baba alikwaruza moja kila alipozaliwa mtoto. Ya mwisho ni mie, mwaka hamsini na moja. Wenzangu wote nimeshawazika."

Nassibu, nimezifuta! Nilidhani mikwaruzo tu! Kumbe "kisafishe" yake ilikuwa kitambaa na mafuta.

Akauliza, "Unga wake uliotoka kwa msasa umeutupa wapi?"

Nikamwambia sijautupa, nimeuchanganya na gundi nikazibia ufa wa hapohapo kitakoni.

Akaulaza ule ufa shavuni.

"Basi sie watano tumo humu."

Kaondoka nacho hivyohivyo. Hata vanishi kakataa nisipake.