Dawa ya Mizizi

Moshi, 3 Machi 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeniacha. Nyumbani hamjambo? Ndama amesimama?

Haya ningekuambia likizo, lakini unajua mdomo wangu, mbele yako unajifunga. Mama alininong'oneza kwamba miche ya kahawa ikifa tena msimu huu, utashuka kukata miwa. Nililia chooni ili wenzangu wasione. Ndipo nikajikaza nikamfuata mwalimu wa baiolojia, tena kwa Kiingereza, nikamweleza udongo wetu. Amenipa pakiti hii. Ni dawa ya mizizi. Tia kijiko kwenye shimo, mzizi uiguse, halafu ufukie.

Mwanao,
Redempta

Sanya Juu, 2 Aprili 1996

Mwanangu Redempta,

Marahaba. Sisi wazima, ndama anatupiga mateke, mvua imeanza.

Dawa imefika. Bibi yako Kornelia alidhani ni ugoro, kidogo avute! Nusu nimempelekea kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo, maana hupati kitu kizuri ukaanza kula kabla ya mama yako, hata kama kihamba alipewa mdogo wangu, na mimi mtoto wa kati nikatupwa huku kwenye udongo mwekundu. Nusu ya kwetu nimeikoroga kwenye bomba pamoja na mrututu, ile ya bluu tunayoulia ukungu wa kahawa, nikamwagia mashimo yote. Dawa mbili, mgongo mmoja! Mwambie mwalimu wako, Mchagga hafundishwi dawa.

Safari hii sishuki.

Baba yako,
Emilian

Moshi, 11 Aprili 1996

Baba,

Shikamoo. Sijambo.

Ile haikuwa dawa. Ni kuvu, ndugu yake uyoga, iko hai ndani ya lile vumbi. Hushika mzizi na kuutafutia chakula mahali ambapo wenyewe haufiki. Niliogopa kuandika hivyo. Maisha yako yote umepigana na ukungu, nilijua utasema, "Nimesomesha mtoto aniletee ugonjwa shambani?" Basi nikaandika dawa.

Mrututu umeiua, Baba. Na kwa Bibi haina kazi, udongo wake umeshiba samadi, mizizi inajilisha yenyewe. Ilitakiwa huko kwetu, kwenye udongo wenye njaa. Mwalimu hana nyingine. Nimemuuliza mpaka anaona haya.

Nimechuma sale, jani letu la kuombea msamaha, kwenye uzio wa shule, ndilo hilo kwenye bahasha. Nisamehe. Au nigombeze, lakini nijibu.

Mwanao,
Redempta

Kambi ya miwa, 19 Septemba 1996

Mwanangu,

Marahaba. Huku joto na mbu, lakini kifua ni kizima. Nawe unakula vizuri?

Sikujibu kwa sababu nilikuwa nangojea miche. Ya kwetu ilikauka yote Julai. Ya Bibi imesimama, na ile aliyoipanda bila kutia kitu imesimama vilevile, kama ulivyosema.

Likizo ukija, sema. Hata nikifoka, wewe sema.

Sale lako lilifika bado kijani. Mimi siwezi kulikataa, ndivyo tulivyolelewa, nilikusamehe palepale. Kisha nikalichomeka katikati ya miche.

Udongo haupokei sale.

Baba yako