Kwa Nini Sikuja Kwenye Sherehe ya Dafroza

Nyasho, Musoma
20 Agosti 1995

Mdogo wangu mpendwa Tereza,

Nakusalimu sana, na salamu hii igawe: shemeji Alfonce apate yake, watoto yao, hata yule mbuzi wako mkorofi apate. Mgongo umeacha kukusumbua? Huku Mungu anatuangalia. Mvua hakuna, ila samaki ngege wanapatikana. Juzi nimekula hadi nikalala mchana kama tajiri.

Kasmiri wa basi amenifikishia ujumbe wako. Anasema umeuliza kwa nini sikuonekana Bunda siku mlipomfanyia mwanao Dafroza sherehe ya umeneja, wakati hata ndugu wa Buhemba walikuja. Nilimjibu nilikuwa na malaria. Tereza, sikuwa na malaria. Nilikuwa na wivu. Nakuandikia mwenyewe, maana sitaki undugu wetu ufie kwenye sahani ya pilau ambayo sikuila.

Nielewe. Kile kiwanda cha mafuta ya pamba mimi nilikihesabu ni cha Florian wangu. Miaka ile ya shida, sabuni inatafutwa kama dhahabu, nani mtaa huu hakugonga mlango wangu na kikombe akiomba mafuta? Nilikuwaga nagawa, wewe shahidi. Mwanangu amekaimu umeneja pale, shati jeupe, tai, akaenda semina ya menejimenti Mwanza akarudi na cheti. Nimekitundika sebuleni juu ya picha ya Moyo Mtakatifu, hadi Padre akanishauri nikishushe kidogo. Serikali ilipokiuza kiwanda kwa huyu mwenyewe mpya, nikaanza kuitika Mama Meneja sokoni. Sijui ni Kudura muuza vitenge aliyelianzisha jina hilo au ni mimi. Halafu tunasikia meneja ni Dafroza. Dafroza wa stoo! Na Florian awe chini yake, muuza mafuta!

Nilisema maneno. Nilimwambia Kudura kwamba wewe umepeleka jogoo kwa mganga ili mwenye kiwanda apumbazike. Unisamehe. Kudura alicheka, akasema basi nikuulize wewe mganga huyo anakaa wapi, na yeye ana vitenge havitoki.

Sherehe ikapita bila mimi. Wiki iliyofuata nikapanda basi hadi Bunda, sikumwambia mtu, nikaone kwa macho yangu meneja huyo anavyoharibu. Nilijibanza kwa mama muuza uji mbele ya geti. Dafroza akaingia asubuhi, na kabla hajafika ofisini akaenda kwa mzee Rafaeli wa mashine, akampa shikamoo, akamwuliza habari za nyumbani, akasimama kusubiri jibu. Wabeba magunia waliomzidi umri nao vilevile. Nikamwambia mama wa uji, meneja gani huyu anajishusha hivi, aliyekuwepo si alikuwaga anapita kimya hadi aamkiwe yeye, kama bosi kweli?

Yule mama hakunijua mimi ni nani. Akasema ndiyo sababu mashine ilikuwaga inakufa kila msimu. Huku kwetu nani atampelekea habari mbaya mtu ambaye hawajasalimiana? Watu walisikia mashine inakwaruza, wakanyamaza, na yule wa tai alikuja kujua siku imekatika. Kwa huyu dada, mzee akishaitika marahaba anaunganisha hapohapo: mwanangu, mashine leo inakohoa. Basi inazimwa, inapakwa grisi, kazi inaendelea. Nikatazama barabarani. Magari ya mbegu za pamba yamepanga mstari, yaleyale ambayo mwaka jana yalikuwa yanatupita kwenda kwa wengine.

Uji ulinishinda.

Nikakaa nimenuna hadi Jumapili, Florian alipokuja kunitazama. Nikammwagia yote: amepokonywa, ameduwaa, aende akagombee cheo chake kama mwanaume. Aliniacha nimalize. Kisha akasema hakupokonywa na mtu. Mwenye kiwanda alimwita yeye wa kwanza, akampa umeneja, na ni yeye Florian aliyekataa na kusema apewe dada yake, kwa sababu watu humwambia yule ukweli. Yeye angekiua kiwanda pamoja na riziki za watu wote wale. Anasema siku hizi analala usingizi. Alinificha kwa kuwa aliogopa nitalia.

Na nililia kweli, Tereza, hadi akaniuliza nani amekufa. Mwenyewe sikujua ni hasira au ni nini. Nilichojua ni kwamba tangu azaliwe sijawahi kumwona ni mkubwa namna ile.

Wivu haujaisha, nisikudanganye. Bado nikisikia jina la Dafroza naanza kufagia mahali nilipokwisha kufagia. Lakini Jumamosi nakuja kwako Nyamuswa, unitandikie, na kuku usinichinjie kifaranga. Majirani zako waite. Nitasema neno mbele yao na wewe usinikatize: wewe umezaa meneja, mimi nimezaa aliyemchagua.

Msalimie Dafroza, umwambie mama yake mkubwa amepona. Nafunga hapa, karatasi imejaa na mkaa unaungua bure.

Ni mimi dada yako,
Jenoveva, mama yake Florian