Vinini vya Consolate Wakati wa Kwaresima

Jumatano ya Majivu, 19 februari 1958
Consolate, mujukuu wangu, amekula mara tatu leo! Majivu kwenye paji, bugali mudomoni. Namuambia: weye, tumbo lako haliogopi Mungu? Ananijibu minye, bibi yake: Tate, ni vinini vya dokta vinaleta njaa. Sikatai — mwaka jana vidole vilivimba, hata kijiko alishindwa kushika. Alipomeza vile vidonge vya kortizoni, siku ya tatu akashika jembe. Lakini mashavu yale! Duara, kama ya mutoto wa kunyonya.

Jumapili, 9 marsi
Wamenicheka mbele ya kanisa! Honorine, yule wa Rugenge mwenye mudomo, anaambia wanawake: sisi tunafunga, kwa wengine wananenepesha muntu kama mbuzi wa Pasaka. Minye! Minye sijakosa misa hata na homa. Nimefika nyumbani, nimemwaga kopo lote la vinini chooni. Consolate ananivuta mkono, eti dokta amekataza kuacha ghafla. Nyamaza! Vidole vimepona, dawa ya nini tena?

Jumatano, 12 marsi
Hataki chakula. Ndiyo hivyo! Sasa anafunga kama watu.

Ijumaa, 14 marsi
Naandika kwenye benchi la disipanseri. Asubuhi alianguka kwenye njia ya kuteka maji. Nilimgombeza, mvivu weye, simama. Hakuweza. Anatapika, jasho la baridi. Mwanangu Anastase amemubeba mugongoni mpaka hapa.

Infirmiye Révérien, muuguzi wa hapa, ananifokea minye, umri wa mama yake! Anasema juu ya figo kuna vinyama viwili vidogo, kila siku vinapikia mwili dawa ile ile. Vikiona inatoka kwenye kopo, vinaacha kupika. Vinini vinapunguzwa polepole, ili vile vinyama viamke. Ukikata mara moja, mwili unabaki bila kitu. Sindano ya dawa hiyo iko hospitali; Anastase ameifuata na baiskeli.

Révérien anauliza: nani amekata vinini, na tangu lini? Consolate, sauti kama ya panya: ni minye, nilisahau, siku mbili tu.

Muongo! Mutoto wa kunifunika minye? Nani amekutuma? Nimesema kwa nguvu, benchi lote limesikia: ni minye, na ni siku tano!

Révérien ameacha kuandika, ananiangalia.

Andika basi! Tano!

Mkono wa Consolate uko ndani ya wangu. Nausugua, haupati moto. Anastase hajarudi na sindano.